Chanjo ya surua isingoje kadi kambini

Mtoto mwenye surua, ile wengi hapa Kivu wanaita rougeole, anaanza kuambukiza wenzake siku nne hivi kabla vipele havijatokea. Kambini, ambako familia mbili zinalala chini ya turubai moja, siku nne ni nyingi mno.

Waganga walihangaikia kinga ya ugonjwa huu zaidi ya miaka 200. Mwaka 1758 daktari Francis Home wa Edinburgh, huko Scotland, alichukua damu ya wagonjwa akaitia kwenye chale za watoto wazima, akitaka waugue kidogo ili wasije wakaugua sana. Leo hakuna mzazi angekubali! Huku Afrika, mjini Tunis, Charles Nicolle na mwenzake Conseil walionyesha mwaka 1918 kwamba maji ya damu ya mtu aliyepona yanaweza kumkinga mtoto aliyekaa na mgonjwa. Lakini kinga hiyo ilidumu wiki chache tu, na damu ya kutosheleza watoto wote ingetoka wapi? Chanjo yenyewe ilikubaliwa Marekani mwaka 1963.

Hata hivyo, kati ya mwanzo wa 2019 na mwanzo wa 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 hapa RDC, wengi wao watoto wadogo. Ebola, iliyozungumziwa kila saa wakati ule, iliua zaidi ya 2,200.

Familia zinapofika kambini zinaandikishwa, zinapewa turubai na unga. Chanjo mara nyingi inakuja baadaye, watoto wakiisha kuzikwa. Hapo wakubwa wanakosea. Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa kambini wachanjwe tangu miezi 6, si kungoja miezi 9 kama kawaida. Aliyechanjwa mapema hivyo atachanjwa tena akitimiza miezi 9. Basi meza ya chanjo iwekwe kando ya meza ya kuandikisha, siku ile ile.

Tena kuna jambo la kadi. Mama aliyekimbia risasi usiku alibeba watoto, hakubeba makaratasi. Kumrudisha kwa sababu hana kadi ni kosa, maana mtoto aliyekwisha kuchanjwa akichanjwa tena hadhuriki. Muuguzi amchanje, amwandikie kadi mpya, na mama aifunge pamoja na kitambulisho chake.