Kifo cha Mfungwa Hakifungi Faili

Mhariri, mwandishi wako anashangilia: muuaji kafia gerezani, uchunguzi wa nini? Polepole, ndugu yangu. Hapa Litein karani wa kituo cha chai hapokei hata kilo moja ya majani bila kuipima na kuiandikia risiti. Mwandishi wako anataka maiti ya mtu ipokelewe kwa makofi tu! Kifungu cha 387 cha sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai kinamtaka hakimu achunguze kifo cha mfungwa. Hakiulizi alifungwa kwa kosa gani. Na makofi tumeshayaona yanakofikisha: Masten Wanjala, ambaye polisi walisema amekiri kuua watoto, alitoroka seli ya kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi, akauawa na umati Bungoma, Oktoba 2021. Wengi walishangilia. Kesi ikafa naye, na wazazi hawakumsikia akijibu kizimbani.