Kazi ya umeme si urithi wa ndugu ya mkubwa!

Vijana wa Kiambi,

Umeme unatoka Bendera, kwenye mto Kiymbi, unafika mpaka Kalemie. Kisha unakwama ndani ya ofisi ya leta juu ya waya moja ulioungua! Nani anaitwa? Ndugu ya mkubwa. Anakuja kesho kutwa, analipwa bei anayotaka.

Sheria n° 10/010 ya 27/04/2010 iko wazi: ushindani ndiyo kanuni, kupeana kazi mkono kwa mkono ni pekee tu.

Tunadai:

1. Tangazo la fundi wa zamu libandikwe ukutani, wote tulisome.
2. Mkataba useme bei, na afike ndani ya saa ngapi.
3. Asiyefika asilipwe.

Mafundi wenye diploma tuko nao hapa, wanakaa bure. Franga ni za raia. Hatutanyamaza!