Mzee wa litungu hajapoteza mdundo, laptop yako ndiyo imechelewa

Maprodyuza wa Kitale na Bungoma, wacha tuambiane ukweli. Mnamketisha mzee wa litungu mbele ya maiki, mnamvisha hedifoni, halafu mnamwambia, "Mzee, unatoka nje ya mdundo." Mtu ambaye amepigia Wabukusu litungu kwenye sherehe miaka na mikaka! Anapewa nauli, anarudi nyumbani, na nafasi yake inajazwa na kinanda.

Hebu tupige hesabu. Bafa ikiwa 1024 na unarekodi kwa 48,000, kila bafa inakula milisekunde 21. Sauti inapita bafa ikiingia na bafa nyingine ikitoka, kwa hivyo mzee anasikia vidole vyake baada ya milisekunde 42 na ushee. Ni kama litungu lake liko mita 14 kutoka kwake. Wewe na hicho kinanda chako ungeshika mdundo hivyo? (Kama kadi yako ya sauti ina kitufe cha kumsikilizisha moja kwa moja, kibonyeze. Wengi mnacho na hamjawahi kukigusa.)

Shusha bafa hadi 128, inakuwa chini ya milisekunde 3 kila upande. "Lakini laptop inaanza kukwaruza." Inakwaruza kwa sababu hujaitayarisha, si kwa sababu ni ya mtumba. Weka Ubuntu Studio, ni bure. Jiingize kwenye kundi la audio ili kazi ya sauti ipewe kipaumbele. Prosesa iwe kwenye performance, isisinzie katikati ya wimbo. Zima Wi-Fi. Kwenye PipeWire, amri ni moja tu:

pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128

Bado inakwaruza? Panda 256. Na tangu Linux 6.12 ya Novemba 2024, PREEMPT_RT, ambayo kwa miaka ilikuwa kiraka cha kubandika mwenyewe, iko ndani ya keneli. Kisingizio kimebaki gani?

Najua, plugini zenu za Windows. Nyingine kweli hazifunguki huku, siwadanganyi. Lakini kurekodi nyuzi na sauti ya mtu kunataka Ardour na masikio. Mapambo weka baadaye, hata ukirudi Windows. Na zile mlizopewa kwa flashi pamoja na virusi vyake, jameni, mnazililia nini?

Halafu mnalalamika ati vijana hawataki litungu. Watalitakaje na hawalisikii kwenye wimbo wowote mnaotoa?

Wiki hii, kabla hujampigia simu mtu wa kinanda, fungua mipangilio usome bafa yako ni ngapi. Ikiwa 1024, mpigie mzee kwanza. Na safari hii mlipe, si nauli.