Funguo za gitaa kwenye litungu: zina faida au mbwembwe tu?

Nimerudi chuoni juzi kutoka nyumbani Mugumu. Vumbi la Serengeti bado liko kwenye begi, ripoti ya mafunzo kwa vitendo sijaigusa, na kichwani kuna kitu kimoja tu: nyuzi za litungu. Naombeni mnivumilie, leo sizungumzii bumu wala sapu.

Kwa ambaye hajawahi kuliona, litungu ni ala yetu Wakurya. Chini kuna bakuli la mti lililowambwa ngozi, humo imetoka mikono miwili ya mbao, na juu mikono hiyo imeunganishwa na mti mmoja uliolala. Nyuzi nane zinapanda kutoka kwenye ngozi mpaka kwenye ule mti. Majirani zetu Wajaluo wana nyatiti, Wakisii wana obokano, zote nyuzi nane, ukoo mmoja. Zamani nyuzi zilikuwa za mishipa ya mnyama, siku hizi ni mshipi wa kuvulia samaki. Kila uzi unazungushwa juu pale pamoja na kitambaa ili usiteleze, na ukitaka kutyuni unakizungusha kitambaa kwa mkono.

Sasa kisa. Desemba iliyopita babu alialikwa kupiga kwenye harusi ya ndugu yetu pale Morotonga. Kulikuwa na kijana wa kinanda, na wazo lilikuwa wapige pamoja. Babu akaanza kutyuni kufuata kinanda. Uzi wa kwanza ukakaa, wa tatu ukakaa, akirudi wa kwanza umeshuka. Akarudia. Watu wakaanza kuangalia saa. Ilipofika kama nusu saa mshereheshaji akasema tutamsikia mzee baadaye, spika zikafunguliwa, na hiyo baadaye haikuja. Babu alipewa bahasha yake na sahani ya pilau, akarudi nyumbani hajapiga hata wimbo mmoja. Njia nzima hakusema neno. Jamani, iliniuma.

Basi nikajifanya mhandisi. Nilinunua seti ya funguo za gitaa, zile za chuma zenye meno. Nyingi unazungusha mara 14 ndo kijiti kinachoshika uzi kizunguke mara moja, na uzi wenyewe hauwezi kukirudisha nyuma hata uvute vipi. Waethiopia wameshazifunga kwenye krar zao miaka mingi, kwa hiyo wazo si langu. Tatizo, seti ya gitaa ni funguo sita na litungu lina nyuzi nane, na hela ya seti ya pili ilikuwa imeshakuwa chipsi.

Babu akakataa litungu lake lisitobolewe. "Mura, hili lina umri kuliko baba yako." Nikamwomba fundi wa Kisangura anitengenezee jipya, nyuzi sita zikapata funguo, mbili zikabaki na vitambaa. Bila kutaka nikawa nimepata jaribio la maana kuliko yote niliyofanya maabara.

Nilipima kwa simu asubuhi na jioni, wiki mbili. Nusu toni moja imegawanywa senti 100, na programu ya simu inakuonyesha umepotea senti ngapi. Usiku mmoja mvua ikapiga kweli kweli. Asubuhi nyuzi zote nane zilikuwa zimeshuka. Zote! Zenye funguo na zenye vitambaa. Ngozi ilikuwa imenyonya unyevu, imelegea, kile kijiti kinachobeba nyuzi kimezama nayo, na ufunguo uliofungwa kule juu hauna habari na kinachotokea huku chini. Jua lilipowaka zikapanda zenyewe.

Halafu kuna ugonjwa wa pili, na huu ndo uliomuua babu pale Morotonga. Nyuzi nane zote zinavuta mti mmoja. Ukikaza mmoja, ule mti unapinda kidogo, mikono inakubali kidogo, na wale saba wengine wanalegea. Kwa hiyo lazima uzunguke mara tatu, nne. Funguo hazigusi hilo hata chembe.

Nilipomweleza mwenzangu wa chumbani anayesoma uhandisi akacheka, akanionyesha video za lile gitaa la Wamarekani la kulazwa lenye pedali, lile linalolia kwenye nyimbo za kantri wazee wetu walizozizoea redioni. King Sunny Adé wa Nigeria naye aliliingiza kwenye bendi yake. Ugonjwa ni uleule: ukikanyaga pedali, nyuzi kadhaa zinavutwa ili sauti ipande, mwili wa gitaa unapinda kidogo sana, na nyuzi ambazo hukuzigusa zinashuka senti chache. Wao wametengeneza vifimbo vya ziada vya kuzivuta hizo zilizoshuka palepale unapokanyaga, na wapigaji wanabishana kama vina faida au ni uzito wa bure. Wengine wanasema tengeneza mwili mgumu zaidi uishe mjadala. Mi niko na hawa wa mwisho.

Maana fikiria. Babu akipiga peke yake, ngozi ikilegea nyuzi zote zinashuka karibu pamoja, naye anaimba chini kidogo, basi. Nani atapima? Uzi mmoja ukiteleza anaurekebisha huku anaongea na watu, wala hujui. Kumfungia funguo mtu wa namna hiyo ni kumuuzia mwavuli mtu aliye ndani. Lakini akikaa na kinanda, ambacho LA yake ni mitetemo 440 kwa sekunde iwe mvua iwe jua, hapo hana pa kukimbilia. Na hapo funguo nazipa haki yake: hazikuzuia nyuzi kushuka, ila kuzirudisha kulichukua dakika mbili badala ya kumi. Pale Morotonga dakika nane zingetosha.

Ila kwanza mti. Mti mnene wa juu ni bei rahisi kuliko funguo, na ndo unaotibu ugonjwa wenyewe. Anayeanza na funguo juu ya mti mwembamba amenunua mapambo.

Babu alilijaribu lile jipya siku moja kabla sijaondoka. Akapiga muda mrefu, mpaka bibi akatoka jikoni. Mwishoni akasema, "Linakubali haraka. Lakini limekuwa zito juu, linataka kuniangukia." Kweli, chuma chote kile kiko kichwani.

Fundi ameshapewa kazi ya kubadilisha ule mti wa juu na kupanua kitako ili litulie. Kuna harusi nyingine mwezi wa saba, na kijana wa kinanda ni yuleyule. Kwa hiyo kama kuna mtu hapo hosteli ana gitaa bovu chini ya kitanda, naombeni funguo mbili.