Mjomba, Usinunue Shokapu za Kompyuta

Najua nimepotea hapa muda mrefu. Testi zilitubana, bumu likachelewa, si mnajua tena maisha ya chuo. Leo sina habari za mapenzi ya hosteli wala za foleni ya kantini. Leo naongelea shokapu za gari. Ee, shokapu, au shokomzoba kama wazee wetu wanavyoziita. Usinikimbie kwanza, maana hapa kuna hela ya viazi ya misimu mitatu ya mtu, na kuna familia inayoshuka mlima kila wiki.

Jumapili iliyopita alinipigia mjomba wangu wa Matamba. Shikamoo mjomba, marahaba, habari za masomo, nzuri. Akaingia kwenye hoja moja kwa moja. Ameweka hela, anataka kuachana na pikapu yake ya zamani, na kuna mtu Dar amemwonyesha Prado ya mtumba kutoka Japani. Muuzaji anaisifia mno: ina kitufe pale karibu na gia, ukibonyeza gari linakuwa laini, ukibonyeza tena linakuwa gumu, "shokapu zake zinaongozwa na kompyuta". Mjomba akamaliza: "Wewe ndiye injinia wetu, mwanangu. Niambie."

Nikamwambia mjomba, usinunue. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Kwa hiyo sisi wa huku juu tukae na magari ya zamani tu?"

Hapo akanishika pabaya. Tangu siku ile natafuta namna ya kumjibu vizuri, na nimeona niandike hapa, kwanza kwa sababu najua si yeye peke yake anayeuliza.

Tuanze na kitu chenyewe. Watu wengi wanadhani shokapu ndiyo inabeba gari. Hapana. Anayebeba uzito ni springi, iwe ya kuzunguka au yale mabamba ya chuma ya nyuma ya pikapu. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Gurudumu likigonga shimo, springi inabonyea, halafu inataka kurudi na kuruka ruka. Ndani ya shokapu kuna pistoni inayosukuma oili ipite kwenye vitundu vidogo, na ule msuguano unageuza mruko kuwa joto. Ndiyo maana ukigusa shokapu baada ya safari ndefu ya vumbi utaunguza vidole. Ikichoka, gurudumu halikai chini, linadunda. Na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala haligeuki. Kwa mtu anayeshuka Matamba kwenda Chimala, kwenye zile kona tunazoziita Hamsini na Saba, hilo si suala la starehe.

Sasa, ule udhibiti wa oili unaweza kuwa wa kudumu (shokapu ya kawaida), unaweza kurekebishwa kwa mkono, au unaweza kurekebishwa kwa umeme.

Wa mkono ni kama zile Rancho RS9000XL: kuna kitu cha kuzungusha kwenye mwili wa shokapu chenye ngazi 9. Unaingia chini ya gari, unazungusha, basi. Nyingine kama Old Man Emu BP-51 zinakupa marekebisho mawili tofauti, moja la kubonyea na moja la kurudi. Koni za mtindo wa zamani inabidi uzifungue, uzibonyeze mpaka mwisho, ndio uzungushe.

Wa umeme una historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Toyota walianza na mfumo wao wa TEMS kwenye Soarer mwaka 1983. Juu ya kila shokapu kunakaa kimota kidogo kinachozungusha kijiti ndani, vitundu vya oili vinapanuka au vinabana. Baadaye ukaingia kwenye Surf na Prado, ndiyo hizi zilizojaa huku kwetu. Land Cruiser 100, iliyotoka mwaka 1998, baadhi yake zilikwenda mbali zaidi: zina pampu na oili ya kupandisha na kushusha gari zima. Siku hizi kuna zenye akili zaidi, kama zile Fox za Ford Raptor ya mwaka 2019, sensa zinasoma barabara na vali zinabadilika gari likiwa kwenye mwendo.

Niwe mkweli: kwa ubora wa kazi yenyewe, umeme unashinda. Rafiki yangu wa chumbani anasoma umeme, na nilipomsimulia habari ya mjomba alinicheka. Akanikumbusha kwamba mwaka 1992 Nigel Mansell alichukua ubingwa wa Formula 1 na Williams yenye saspensheni ya kompyuta, na ile teknolojia ilikuwa na nguvu kiasi kwamba kuanzia msimu wa 1994 ikapigwa marufuku. "Sasa wewe injinia gani unayekataa kitu kilichokatazwa kwa sababu kinashinda?" Akaongeza na hoja ya pili, ambayo ndiyo iliniuma zaidi: "Dereva wako wa Matamba akishapakia viazi saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, kweli ataingia chini ya gari kuzungusha? Kompyuta haisahau."

Ni kweli. Kompyuta haisahau, na binadamu ni mvivu. Lakini nilikaa nikajiuliza: kwa mjomba, ni kitu gani hasa kinachobadilika?

Kwa Raptor inayokimbia jangwani kinachobadilika ni ardhi, tena kila sekunde. Hapo mkono wa mtu hauwezi kitu. Kwa mjomba kinachobadilika ni mzigo. Anapanda na mifuko michache ya mbolea, anashuka na magunia ya viazi mpaka mabamba ya nyuma yananyooka. Kwenye somo la mitetemo tulifundishwa kwamba kwa springi ileile na shokapu ileile, uzito ukiwa mara mbili, uwiano wa utulivu unashuka mpaka kama asilimia 71 ya ulivyokuwa. Yaani shokapu iliyokuwa inatosha gari likiwa tupu inakuwa dhaifu gari likijaa, na ukiweka ngumu ya kutosha mzigo, gari likiwa tupu linakurusha kichwa kwenye paa. Hilo ndilo tatizo la Nyanda za Juu Kusini. Na linabadilika mara mbili tu kwa siku: unapopakia na unaposhusha. Kitu kinachobadilika mara mbili kwa siku, mkono unakiweza. Hata anayeona uvivu anaweza kujifunza, kama alivyojifunza kupima oili asubuhi.

Halafu kuna suala la nani atatengeneza.

Likizo iliyopita nilikuwa fildi kwenye gereji moja pale Iringa mjini. Siku moja ililetwa Prado iliyotoka Ruaha na wageni. Mnajua barabara ile, zaidi ya kilomita 100, na zile sehemu zenye vijituta mfululizo kama bati la nyumba. Vijituta vile ndivyo adui mkubwa wa shokapu, kwa sababu haipumziki: inafanya kazi ndogo ndogo maelfu ya mara, oili inachemka, inaanza povu, sili inaachia. Ile Prado shokapu ya nyuma kulia ilikuwa inavuja, na waya wa kimota ulikuwa umekatika. Jiwe au fundi wa mwanzo, hatukujua. Taa kwenye dashibodi inamulika tu.

Fundi wangu ni mtu mzima, hana cheti, ila gari analisikiliza kama daktari. Alikagua dakika kumi, akamwambia mwenye gari kuna njia tatu. Moja, kuagiza ya kampuni kutoka nje na kusubiri. Mbili, kutafuta ya mtumba Dar, ambayo imeshatumika kwenye gari jingine na hujui imebaki na uhai gani. Tatu, kufunga za kawaida zote nne na kuachana na umeme. Bei ya moja ya kampuni aliyotajiwa kwenye simu ilimfanya akae chini kwenye ndoo ya oili. Alichagua ya tatu. Kwa hiyo gari aliyoinunua kwa bei ya juu kwa sababu ya kitufe, leo kitufe kipo, kazi hakuna.

Nisiwaonee hao watu wa umeme. Hizi za kimota umeme ukikatika shokapu haifi, oili inaendelea kufanya kazi, inabaki kwenye hali moja tu. Zile za Land Cruiser 100 zenye pampu ndizo kesi nyingine: oili ikivuja gari linakaa chini, na ukitaka kuzitoa itabidi ubadilishe na springi pia, maana za mwanzo zilitengenezwa zisaidiane na ile pampu. Gari la namna hiyo likigomea Matamba usiku lina mgonjwa ndani, mtafanyaje?

Shokapu ya kuzungusha nayo inakufa, sikatai. Mavumbi na matope yanagandisha kile cha kuzungushia, na asiyekizungusha miezi sita atakikuta kimeganda. Ila ikifa, fundi wa Chimala anaiona kwa macho. Oili inatiririka, bushi imelika, tairi limelika kwa mabonde mabonde. Spana mbili na nusu saa, imetoka. Ukikosa ya aina ileile unafunga ya kawaida yenye gesi ya naitrojeni, unaendelea na safari. Hakuna mashine ya kusoma kompyuta, hakuna waya.

Hata kwenye rally, na Iringa imewahi kupokea Mkwawa Rally kwa hiyo wenyeji mnajua, utaona fundi amepiga goti pembeni ya gari anahesabu mibofyo kwa vidole vyake: mbili ngumu nyuma, moja laini mbele. Wale si washamba wa teknolojia. Wanataka kujua shokapu iko kwenye hali gani na nani ameiweka hapo.

Sasa maonyo, maana nisipoyasema nitakuwa nimewaua watu. La kwanza: kuzungusha mpaka ngumu kabisa hakuongezi uwezo wa gari kubeba. Nimesikia dereva anasema "nimeweka namba tisa, ongeza gunia tano". Kaka, unajiua. Uzito unabebwa na springi, ekseli na tairi, na unasimamishwa na breki. La pili: badilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Moja mpya na moja mbovu gari linavuta upande ukikanyaga breki. La tatu: kama tayari una gari la umeme na bado linafanya kazi, usikate waya kwa sababu umesoma blogu ya mwanafunzi. Litunze, lioshe chini baada ya tope, siku likifa ndio ufikirie kuhamia za kawaida.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, watu wengi hawahitaji hata za kuzungusha. Kama wewe ni mtu wa Mbeya mjini, mzigo wako ni ule ule wa watu wanne na begi, shokapu ya kawaida yenye ubora inakutosha. Za kuzungusha ni za mtu kama mjomba, leo tupu, kesho kilo mia nane.

Turudi kwenye lile swali lake. Mjomba, sijasema watu wa Matamba hawastahili vitu vya kisasa. Kama ungekuwa unaniuliza gari jipya lenye dhamana, na wenye kampuni wana gereji Mbeya yenye mashine na spea stoo, ningekwambia chukua, tena ningeomba unipeleke kutembea. Lakini unachouziwa siyo ukisasa. Ni umeme uliotengenezwa miaka zaidi ya 20 iliyopita kwa ajili ya lami ya Japani, umeshatumika na mtu mwingine, na unauziwa kwa bei ya kitufe. Ile tofauti ya bei, mjomba, inanunua pikapu nzima zaidi, shokapu nne za kuzungusha, tairi mpya, na chenji inabaki ya ada ya binamu yangu.

Rafiki yangu wa chumbani bado anabisha. Anasema akimaliza chuo atafungua gereji ya mifumo ya umeme ya magari hapa Mbeya, tuone nitaandika nini. Nimemwambia afungue haraka. Siku mjomba atakapoweza kutoka Matamba asubuhi, akatengenezewa kwake, akarudi jioni, nitakuja hapa hapa kuandika kwamba nimebadilisha mawazo.

Kwa sasa mjomba amekubali kitu kimoja: hatumi hela Dar kabla hatujaonana. Jumamosi anashuka, tunakutana Uyole, kuna Hilux anataka nikaikague. Nimeshaazima ovaroli na tochi, nitaingia chini. Na nyie mlio na magari ya namna hii huku kwetu, semeni yaliyowakuta, tusaidiane. Haya, narudi kwenye kitabu, Jumatatu kuna testi ya mitetemo.