Tulifika Magu, Hatukufika kwa Jirani

Oktoba ile tulitembea siku 3 kutoka Mabatini hadi Magu, kama kilometa 60 kwa barabara ya Musoma, tumevaa fulana za waridi na kuimba. Usiku wa kwanza tulilala Kisesa, wa pili Nyanguge. Malengelenge ya miguuni tuliyaonyeshana kama nishani. Michango ya wagonjwa wa saratani ya matiti ikakabidhiwa, picha zikapigwa, na Jumapili iliyofuata kanisa zima likatupigia makofi.

Siku hizo hizo mama mmoja wa jumuiya yetu, anayekaa kule juu kwenye mawe, nyumba ya nne kutoka kwa mmoja wetu, alikuwa na uvimbe kwenye titi, mwezi wa nane sasa. Tulipokuwa tunaondoka alitupungia mkono. Hakuna aliyejua. Tuseme kweli yote: wawili kati yetu walijua, wakanyamaza, kwa sababu mama mwenyewe alisema anaombewa.

Hatuandiki haya ili kuyapinga matembezi. Mzee mmoja wa kanisa alituambia kwamba kutembea kwa ajili ya ugonjwa ni mambo ya kizungu, na kwamba Mkristo hufunga na kuomba. Tunamheshimu mzee wetu, lakini hapo amekosea. Ni kweli Marekani wapo wanaotembea maili 60 kwa siku 3 kwa ajili ya saratani hii. Lakini Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama kwa miguu, siku baada ya siku, hadi hapa Mwanza, kuliunga mkono Azimio la Arusha. Ng'ambo ya ziwa, tangu 2002 mgodi wa Geita huandaa watu wa kupanda Kilimanjaro ili kuchangisha fedha za vita dhidi ya UKIMWI. Na kila mwaka kabla ya Juni 3 kuna mahujaji wanaotembea siku nyingi kwenda Namugongo, Uganda, kuwakumbuka mashahidi. Miguu yetu imesema mambo makubwa tangu zamani, bila kufundishwa na mtu.

Shida ya matembezi ni kwamba yana mwisho. Ukifika Magu unapanda basi, unarudi nyumbani, unajiona umelipa deni.

Mama yule aliambiwa na mhubiri mmoja afunge siku 7, ajipake mafuta, na asikanyage hospitali kwa sababu kwenda huko ni kukiri kwamba Mungu ameshindwa. Wengine mtaani walisema amerogwa. Na sisi tuliomjua tangu ujana tulikuwa na neno letu la kikanisa: tutakuombea. Tulilisema mlangoni, tukaenda zetu. Wapendwa, neno hilo likisemwa na mtu ambaye hataki kupoteza asubuhi yake ni uongo, hata kama limetamkwa kwa jina la Bwana.

Tusome tena habari za yule mwenye kupooza, kule Kapernaumu. Yeye mwenyewe hasemi lolote. Wenzake wanne wanambeba, wanakuta mlango umejaa watu, wanapanda juu, wanatoboa paa la nyumba ya watu. Imani ambayo Yesu aliiona pale ni ya wale wanne, waliotoka jasho. Hakuna aliyemwambia mgonjwa kwamba hajapona kwa sababu imani yake ni haba. Sisi ndio tunaosema hivyo, tena kwa mtu aliyelala. Na Luka, ambaye naye ametuandikia habari hiyo, alikuwa tabibu.

Kuna jambo jingine, dogo kwa sura. Tangazo la matembezi yetu liliposomwa kanisani, maneno "saratani ya matiti" yaliondolewa, yakawekwa "ugonjwa wa akina mama". Tuliambiwa ni adabu. Titi ambalo kila mmoja wetu alinyonya limekuwa neno la aibu madhabahuni! Binti atamwambiaje mama yake kwamba amegusa kitu kigumu, ikiwa kanisa lake haliwezi kutaja mahali penyewe? Kwa hiyo tuandike hapa waziwazi: uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na kutouma si dalili ya usalama. Ngozi ya titi ikibonyea, chuchu ikiingia ndani au ikitoa damu, ni kwenda kupimwa wiki hiyo hiyo. Wanaume nao huupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache. Madaktari wa nchi hii wamelalamika kwa miaka mingi kwamba wagonjwa walio wengi hufika kwao katika hatua ya 3 au ya 4, wakati ambapo kutibu kumekuwa kugumu sana.

Mama yule alifika hivyo hivyo, na kidonda. Yu hai, Mungu ashukuriwe, na anaendelea na matibabu.

Zamani mgonjwa wa kanda hii aliyehitaji mionzi alisafiri hadi Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,100. Leo huduma hiyo ipo Bugando, kilima tunachokiona tukiwa huku kwetu. Kuna wanaotoka Kagera na Simiyu, wakilala kwa ndugu au kwa watu baki, ili kuifikia. Sisi tuko chini yake. Lakini dawa za dripu hurudiwa kila baada ya wiki kama 3, kwa miezi, na mionzi kwa kawaida hupigwa siku 5 kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Mtu aliyetapika usiku kucha anashuka mawe yale alfajiri, anatafuta bajaji au daladala, anapanda kilima, anasubiri, anarudi, na mawe yanamngoja. Haya ndiyo matembezi ya siku nyingi, na mama huyu aliyaanza peke yake. Mumewe alikuwa ziwani. Fulana zetu zilikuwa nzuri, lakini bei ya moja ingemlipia nauli ya siku kadhaa.

Tutatembea tena Oktoba, na tunawaalika, hata yule mzee wetu. Ila safari hii hatavaa fulana ya usharika mtu ambaye jina lake halimo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kanisa, ya zamu za kuwasindikiza wagonjwa. Kina mama wameijaza. Upande wa wanaume una majina mawili. Zamu ya Jumatatu haina mtu, na mama atakuwa darajani Mabatini saa 12 asubuhi.