Mwuguzi wa nyumba kwa nyumba: nani amemfukuza?



Katika mitaa yetu ya Kivu wakristu wengi wanalalamika juu ya wauguzi. Wasema: zamani mwuguzi alifika hata nyumbani, akamsafisha mzee kidonda, akampima mama tansio, akaenda zake. Leo waweza kumtuma mtoto kumwita mara tatu, wala haji. Tena wasema: wamependa pesa, wamekimbilia miji ya migodi na mashirika ya wageni, wengine wanatafuta njia ya Ulaya. Huruma imekwisha mioyoni mwao.

Sisi makatekista tunaingia katika nyumba za wagonjwa kila juma, na maneno hayo tumeyasikia sana. Zamani tuliyaitikia. Leo twayakataa. Mwuguzi hakukimbia. Sisi ndio tuliomfukuza, na tulimfukuza huku tukimpigia makofi.

Katika parokia yetu alikuwako mama mmoja, mwuguzi mwenye diploma ya A2. Asubuhi alifanya kazi katika kituo cha afya. Alasiri alizunguka kwa miguu kuwatazama wagonjwa tisa wasioweza kutoka kitandani: mzee aliyepooza upande mmoja, mama wa kisukari mwenye kidonda cha mguu, baba mmoja mwenye mpira wa mkojo, na wengine. Alifanya hivyo karibu miaka miwili. Je, tulimlipa nini? Kila mwaka tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa, tulimwita mbele ya altare. Watu wakapiga vigelegele. Mara moja tulimpa rozari na kitambaa. Akarudi nyumbani kwa miguu, maana franka ya pikipiki hakuwa nayo. Juma lile lile mtoto wake alifukuzwa shuleni kwa deni la karo. Mwaka uliofuata alikwenda kwenye mji wa migodi, na sisi tukasema: tazama, naye amepotea.

Tangu siku ile tumeuliza, tumehesabu, na twataka kuwaeleza mambo jinsi yalivyo, kwa maana wengi wenu hamjui mwuguzi anakula nini.

Katika nchi yetu sehemu kubwa ya fedha ya kituo cha afya yatoka mfukoni mwa wagonjwa wenyewe. Mgonjwa analipa fishi, analipa dawa. Mwisho wa mwezi wafanyakazi wanagawana kile kilichobaki. Wako wanaopata primi ya Serkali, wako wenye mshahara na primi, na wako wengi ambao wamefanya kazi miaka na miaka na majina yao hayajaingia katika orodha ya mishahara ya Kinshasa. Hata aliye katika orodha hana amani. Goma ilipotwaliwa Januari 2025, na Bukavu Februari ya mwaka ule ule, mabenki yalifunga milango, na wenye mshahara wakakosa mahali pa kuupokea.

Sasa fikirini. Mwuguzi akibaki kituoni, wagonjwa wanafika, fishi inalipwa, naye anapata sehemu yake. Akitoka kwenda kumgeuza mzee aliyelala na kumsafisha kidonda cha mgongo, saa mbili zimepita, kituo hakikupata hata franka moja, na yeye mwenyewe amevaa glavu alizonunua kwa fedha ya chumvi. Kila hatua anayopiga kuelekea nyumbani kwenu inapunguza chakula cha watoto wake. Nanyi mwashangaa kwa nini haji!

Mwenye shaka akumbuke Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Uliwapata watu 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Wauguzi pia waliambukizwa, na Aprili 2019 munganga mmoja wa Shirika la Afya la Dunia aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali huko Butembo. Kama kuna kazi iliyostahili kukimbiwa, ni ile. Lakini wauguzi wengi waliacha vituo vyao wakaenda kuifanya. Kwa nini? Kulikuwa na malipo ya kila siku, kulikuwa na glavu, kulikuwa na gari. Vituo walivyoviacha vikabaki na watu wachache wa kutibu malaria na kuzalisha akina mama. Basi msituambie kwamba wauguzi wa Kongo ni waoga au wavivu. Huenda mahali wanapowekwa kama wafanyakazi, hata kukiwa na kifo.

Lakini wako wanaotujibu: kazi ya kuuguza ni wito, si biashara. Neno hili twalijua vizuri, tumelifundisha wenyewe kwa watoto wa katekisimu. Na ni kweli kwamba asiye na moyo hawezi kumwosha mgonjwa anayenuka. Lakini wito haununui unga. Padri ana wito, na bado parokia inamtafutia chakula. Sisi makatekista tuna wito, na bado twanung'unika posho yetu ikichelewa. Twakiri bila haya. Kwa nini mwuguzi peke yake ashibe kwa wito?

Tena tumewauliza mapadri waliokaa Ubelgiji. Huko wakatoliki walianzisha mwaka 1937 chama cha wauguzi wa nyumbani, jina lake Wit-Gele Kruis, maana yake Msalaba Mweupe na wa Manjano, rangi za bendera ya Papa. Mpaka leo wauguzi wake wanazunguka nyumba kwa nyumba. Wanaishi kwa makofi? La! Bima ya ugonjwa inalipa kila kazi: kuosha mgonjwa ina bei yake, sindano ina bei yake, kidonda kina bei yake. Na hata hivyo Ubelgiji inakosa wauguzi. Wazungu walituletea ukurasa wa huruma. Ukurasa wa hesabu ulibaki kwao, nasi hatukuuomba.

Huruma isiyo na utaratibu hata watakatifu waliiona hatari. Mwaka 1617, katika mji mdogo wa Châtillon huko Ufaransa, Mtakatifu Vinsenti wa Paulo aliwahubiria watu juu ya jamaa moja iliyougua yote nyumbani bila msaidizi. Mchana ule ule njia ikajaa wanawake waliochukua vyakula. Yeye hakufurahi tu; aliona kwamba chakula kingine kitaoza, na baada ya siku chache wagonjwa watabaki tena na njaa. Akawaandikia wale mama sheria: kila mmoja na siku yake ya kupika na ya kumtazama mgonjwa. Mwaka 1633, pamoja na Louise de Marillac, alianzisha Mabinti wa Upendo, wasichana waliowaendea wagonjwa maskini nyumbani mwao. Wasichana wale walikuwa na nyumba ya kulala, na chakula, na nguo. Hakuwatuma na njaa.

Wengine wasema: kumtunza mgonjwa ni kazi ya jamaa yake. Vema. Lakini jamaa ni nani? Mara nyingi ni msichana wa miaka kumi na mitatu aliyetolewa shuleni ili abaki na nyanya yake. Anaweza kupika uji, anaweza kufua. Nani amemfundisha kwamba mgonjwa asiyejiweza ageuzwe kila saa mbili, kabla ngozi haijafa? Nani atabadilisha mpira wa mkojo? Ma-RECO wetu wanafanya kazi kubwa ya kutembelea nyumba na kutoa shauri, na Walejio wanasali na wagonjwa. Lakini kazi ya mikono iliyofundishwa haifanywi kwa rozari, wala kwa daftari.

Na wengine, hasa wenye akili za siasa, wasema: hiyo ni kazi ya Serkali. Twakubali. Serkali iwalipe, na tusiache kuidai. Lakini mgonjwa mwenye kidonda hawezi kungoja barua ya Kinshasa.

Fedha hakuna, mwasema. Hapa ndipo twakasirika kidogo, mtuwie radhi. Kati ya wagonjwa wale tisa, watatu wamekufa tangu mama yule aende. Kila mara, kabla jua halijatua, shirika lilikuwa limekwisha kusanya fedha: ya jeneza, ya hema, ya kukodi viti, ya chakula cha matanga. Jamaa moja ilinunua hata vitenge vya sare. Hakuna aliyesema fedha hakuna. Mzee yule aliyepooza tulimzika katika jeneza lenye vishikio vinavyong'aa, na mgongoni alikuwa na kidonda cha kuingiza ngumi, kwa sababu miezi minne hakuna aliyemletea bendeji. Tuliomwosha tulikiona. Na bia iliyonyweka siku za Komunyo ya kwanza, tusiitaje.

Basi tulikaa na wazee wa mashirika tukafanya hesabu. Parokia yetu ina mashirika 12. Tukichukua nyumba 40 kwa kila shirika, na kila nyumba itoe franka 1,000 kwa mwezi, ni franka 480,000. Franka 80,000 zinunue glavu, bendeji na sabuni. Zinabaki 400,000, yaani 200,000 kwa kila mmoja wa wauguzi wawili, kwa kazi ya nusu siku. Haitoshi, twajua. Lakini ni zaidi ya rozari. Na ninyi mlio katika mutueli ya afya, ulizeni katika mkutano wenu: inalipa kitanda cha hospitali, je, inalipa mguu wa mwuguzi anayekuja nyumbani? Kama hailipi, sheria yake iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya.

Twasema wauguzi wawili kwa kusudi. Binti asiingie peke yake katika nyumba asizozijua, wala asiitwe usiku bila mtu wa kumsindikiza. Tumesikia habari za kutosha. Wafanye kazi chini ya mwuguzi mkuu wa kituo, na daftari yao isomwe katika Zoni ya Afya, ili asizuke mtu wa kuchoma sindano kwa faida yake. Na jambo moja baya sana liishe kati yetu: mgonjwa akifa, msimtazame aliyempa dawa ya mwisho kana kwamba ndiye aliyemwua. Mwuguzi mmoja alituambia kwamba njaa aliizoea, ila hakuweza kusahau siku alipofukuzwa kwenye matanga.

Wauguzi wenyewe wako. Shule zetu za ITM na ISTM zinatoa vijana kila mwaka, na wengi wanakaa nyumbani na diploma ndani ya sanduku, au wanauza kredi ya simu kando ya njia. Mwuguzi mkuu wa kituo chetu alitupeleka kwa mabinti wawili wa parokia hii hii. Tuliwaeleza kazi, wagonjwa sita waliobaki, na umbali wa nyumba. Tuliposema juu ya wito, mmoja aliinamisha macho kwa heshima. Tulipokwisha, akauliza: «Baba katekista, mtalipa tarehe gani?»

Tumemjibu: tarehe 5 ya kila mwezi. Daftari za mashirika zimegawanywa Jumapili iliyopita. Mpaka tunapoandika, zimerudi nne.